Nilipoitika kwa Jina Lako Kawangware

Ouma,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakusihi: yote yaliyomo humu yabaki kwako. Usimsomee babu yako, ambaye wewe mwenyewe uliniambia hajawahi kulala na habari tumboni. Usimsimulie mtu aliyefika huko juzi, maana huyo bado ana jamaa wanaomwota. Na usiyafanye mchezo wa jukwaani. Nina sababu ya kukuomba hilo la mwisho, nayo utaiona.

Nimefunga dirisha ili niandike. Ni Jumapili mchana, jua limewaka tangu asubuhi na bati linalia lenyewe juu ya kichwa changu. Neno ninalotaka kukwambia nalitoa sasa hivi lisije likanikwama. Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumamosi, saa nane, katika ukumbi wa jamii kule Kawangware, mtu wa serikali mwenye orodha mkononi aliita jina lako. Nami nikaitika.

Nitaeleza kwa utaratibu.

Sikuja kukuzika. Hilo unalijua. Labda ulinitafuta kwa macho kati ya watu waliosimama pale kwenu kando ya ziwa, ukasema Karani, kama ulivyozoea kuniita, ameogopa safari. Sikuogopa safari. Niliogopa fomu. Ofisini kwetu serikalini ruhusa ya msiba ina fomu yake, na kwenye fomu pana nafasi ya kujaza uhusiano wako na marehemu. Nilikaa na kalamu tangu asubuhi hadi saa ya chakula. Ningeandika ndugu, ningekuwa nimesema uongo kwa maandishi. Niliandika rafiki, nikakata, nikachukua fomu nyingine, nikaandika rafiki tena. Ilirudi jioni. Hakuna aliyeandika hapana. Neno rafiki lilikuwa limezungushiwa duara la wino mwekundu, basi. Na mimi, baada ya miaka minne ya kulala chumba kimoja na wewe, nikalitii lile duara. Ijumaa gari lililokubeba lilipoondoka Kambi Muru, kwa shangazi yako, nilikuwa mezani nabandika stempu. Nilizibandika zote sawasawa. Hakuna hata moja iliyopinda, Ouma, na sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Baada ya hapo chumba chetu cha Kianda kilinishinda. Wewe ulikuwa na kelele nyingi, na sikujua kwamba nilikuwa nazitegemea. Mtu anayegonga bati za majiko kutwa nzima husema hata "habari ya jioni" kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Kikombe chako nilikiosha kila siku, kwa kuwa niliona vibaya kukiacha na vumbi. Kisha nikaona vibaya zaidi kuosha kikombe ambacho hakuna aliyekinywea.

Wodini, wiki ile ya mwisho, uliniambia: "Karani, uraibu wako ni mmoja tu, kuogopa. Tafuta mwingine." Ulisema ukikohoa, ukacheka, ukakohoa tena. Nililichukua kama agizo. Nilianza na kwaya ya kanisa. Mwalimu wa besi akanivumilia Jumapili mbili, halafu akaniambia kwa upole kwamba naimba kama mtu anayeuomba ukuta radhi. Nikaacha. Nikajaribu drafti. Nilichora ubao kwenye katoni, nikaokota vizibo vya soda, nikacheza peke yangu pande zote mbili. Wa kushoto akapata nafasi ya kula kete mbili, nami nikamhurumia wa kulia. Mchezo ule haujaisha hadi leo. Halafu Mama Atieno wa mlango wa pili akaniazima sindano yake ya kufuma vitambaa, na uzi mwekundu. Hapo nilipata raha kidogo, maana kufuma ni kuhesabu, na kuhesabu naweza. Lakini niliogopa kuukata uzi, basi kitambaa kikawa kinarefuka tu. Wanawake wa vyumba vingine vya ploti walikizunguka wakiuliza ni kitu gani. Mama Atieno akasema kama ni nyoka, huyu ameshakua. Nilicheka, Ouma. Nilicheka kwa sauti. Kisha nikageukia kitanda chako nikuambie.

Nekesa akaja baada ya hapo. Alikuja Jumanne jioni, bado ana unga wa mandazi mikononi, amekifunga kibali cha kundi lenu la vichekesho ndani ya karatasi ya nailoni. Hakuketi.

"Niaje, Karani. Soma hapa chini. Hii maneno ni ya nani?"

Kilikuwa kibali cha lile tamasha la Kawangware ambalo ulilingoja mwaka mzima, la siku tatu za kiangazi, makundi kutoka kila upande kuchekesha watu bila kiingilio. Unakumbuka maombi yake yalipita ofisini kwetu ukiwa bado mzima, na nilikuambia yamekubaliwa, na ukaninyanyua kama gunia. Jambo ambalo sikukuambia ni hili. Siku zile mambo ya vyama vingi yalikuwa bado yanawatia wakubwa homa, na Mkuu wa ofisi alisema vibali vyetu vimelegea, viongezwe kitu. Mimi ndiye niliyetunga hicho kitu. Niliandika: "Wahusika wote saba waliotajwa sharti wawepo, asiongezeke mtu wala asipungue." Mkuu akasema hiyo ni kazi safi. Nilitembea na sifa ile mfukoni wiki nzima.

Nekesa alinitazama nikisoma, akajua.

"Kumbe ni wewe," akasema, wala hakuwa na hasira. "Basi wewe ndio utatutoa."

Walikuwa wamebaki sita. Wa saba ni wewe. Kibali kipya huchukua wiki sita, najua, mimi ndiye huwaambia watu hivyo dirishani. Tamasha lilikuwa siku kumi na moja mbele. Bila wewe kundi halingepanda jukwaani, na tangu ulipokwenda wenzako walikuwa hawana kingine cha kuamkia. Nekesa akasema kwa karatasi Ouma hana sura, ana jina tu.

Nilikataa. Nilimwambia kwamba mtumishi wa serikali akijitia jina la mwingine mbele ya serikali hiyohiyo, hafukuzwi kazi tu, hupelekwa mahali ambapo hakuna dirisha. Nilimwambia nina mama Bungoma ambaye hunitaja katika sala kwa cheo changu. Nekesa akanisikiliza hadi nikamaliza, akasema sawa, akaaga. Alikuwa ameshafika kwenye mfereji wa maji nilipomfuata. Sikuwa nimepata ujasiri. Niliona tu lile duara jekundu, nikaona kwamba nikilitii mara ya pili nitakuwa nimelitii maisha yangu yote.

Sasa nifike penye kidonda. Miaka minne sikuwahi kuja kukuona ukichekesha. Nilisema si vizuri karani aonekane kwenye mikutano. Ulirudi kila Jumapili umelowa jasho, nami nilikuuliza swali moja: kulikuwa na polisi? Sikukuuliza hata siku moja kama walicheka. Kwa hiyo nilipoketi nyuma ya banda la mandazi la Nekesa, pale Sarang'ombe, anifundishe sehemu yako, sikujua sehemu yenyewe ni ipi.

Nekesa alikohoa kidogo, akaangalia pembeni. Akasema sehemu yako inaitwa Karani.

Ouma, ulinichukua mzima. Ulichukua ninavyofuta kalamu kabla ya kuandika na baada ya kuandika. Ulichukua ninavyomwamkia mbwa wa chifu. Na ulichukua barua. Ile barua niliyomwandikia msichana wa duka la dawa, ambayo haikutumwa, ambayo nilikuonyesha wewe peke yako duniani, yenye kichwa kilichopigiwa mstari: "Mintarafu: Ombi la Kupendwa." Siku ile hukucheka. Ulitoka nje ukaanza kugonga bati mpaka giza likaingia. Nilidhani unanistiri. Kumbe ulikuwa unafanya mazoezi.

Nilimwambia Nekesa siwezi. Nilikuwa nimeona aibu mpaka masikioni. Kila Jumapili watu wamecheka barua yangu, na mimi nilikuwa nyumbani nakuwekea ugali usipoe. Ndiyo maana nimekuomba mwanzoni yale niliyokuomba.

Nekesa akaendelea kunionyesha. Mchezo ni mfupi. Karani anakwenda kumposa msichana. Anampa fomu ajaze nakala tatu, na picha mbili za pasipoti, na barua ya chifu kwamba moyo wake haujapewa mtu mwingine. Msichana, ambaye ni Nekesa, anauliza kila mara, "Na wewe mwenyewe unasema nini?" Karani anatafuta kwenye faili. Hana jibu lililoandikwa. Mwishoni anaziweka chini karatasi zote na kusema, "Naogopa. Lakini nimekuja." Hayo ndiyo maneno uliyoyaongeza. Hayamo katika barua yangu. Nilimwomba Nekesa ayarudie mara mbili. Aliporudia mara ya pili niliacha kukukasirikia, ingawa bado kidogo nimekukasirikia.

Jumamosi tulitoka Kianda kwa miguu, tukavuka barabara ya Ngong saa sita, vumbi limetupaka wote saba rangi moja. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Watoto walikaa chini mbele, kina mama na viti vyao kutoka nyumbani, vijana wamening'inia kwenye nondo za madirisha. Nilijiambia kwamba atakayekagua orodha atakuwa mtu nisiyemjua, wa kituo cha polisi. Akaingia Mutiso. Mutiso wa ofisini kwangu, karani mkubwa, ambaye meza yake imetazamana na yangu miaka minne, ambaye sijawahi kumwona akicheka.

Alisimama kando ya jukwaa na karatasi niliyoichapa mwenyewe. Akaita la kwanza, la pili. Mtu akiitika, anamtazama, anatia alama. Nekesa alikuwa wa sita. Halafu akasema, "Ouma." Alinyanyua macho. Nikamwona akinitambua. Ukumbi wote ulikuwa unangoja, Ouma, na jina lako limesimama hewani halina mtu.

"Niko," nikasema.

Alitazama karatasi, akanitazama mimi. Kisha akatia alama.

Sikumbuki nilivyopanda. Nakumbuka nilifuta kalamu kabla ya kuandika, na hapo sikuwa nikiigiza, nilikuwa nimesahau kwamba natazamwa, na ukumbi ukaangua kicheko. Nekesa alikuwa amenieleza kwamba nyundo zilikwisha kuyala masikio yako na kicheko ulikuwa hukisikii vizuri, kwa hiyo ulikuwa ukitazama meno. Nikatazama meno. Meno ya watoto yenye mapengo, meno ya kahawia ya watu waliokulia maji ya magadi, mama mmoja amefunika mdomo kwa leso na mabega yanaruka. Nilipomdai Nekesa picha mbili za pasipoti, nikayaona meno ya Mutiso. Ana pengo juu, upande wa kushoto. Miaka minne sikujua.

Nilipofika kwenye maneno yako ya mwisho sikuyasema kama Nekesa alivyonifundisha. Yalitoka madogo. Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Ehe, sasa ameongea."

Baada ya sisi nilikaa mbele na watoto nikatazama makundi mengine mpaka jua likaegemea. Mzee mmoja aliigiza redio ambayo betri zinakufa, anasoma habari polepole, polepole, mpaka analala katikati ya jina la waziri. Nilicheka hata mama nisiyemjua akanipiga mgongo nisije nikapaliwa. Ndicho kitu ulichokuwa ukinibembeleza nije kukiona. Kilikuwa hivyohivyo ulivyosema. Halafu kikaisha, watu wakatoka wawiliwawili wakisimuliana yale waliyokwisha kuyaona, kama watu wafanyavyo, na wenzako wakabaki kwa jamaa zao Kawangware. Nilirudi Kianda peke yangu. Nilikuwa na vichekesho vya kutwa nzima na sikuwa na wa kumpa hata kimoja.

Jumatatu Mutiso aliniita kule nyuma kwenye rafu za mafaili ya zamani. Akanionyesha ripoti yake. Wahusika saba walikuwepo, hakuna lililosemwa dhidi ya amani. Halafu akazungumza akiwa ameyaelekea mafaili.

"Huyo Ouma nilimwona kwa macho yangu. Kesho nikisikia amekufa, nitasema pole, ni mambo ya Mungu. Lakini asifufuke tena, kijana. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Aliondoka, akarudi hatua mbili, akaniuliza kama yule msichana wa barua yuko kweli. Nikamwambia aliolewa Machakos. Akasema ni vizuri, Machakos ni pazuri.

Nilidhani limekwisha. Lakini maneno ya ukumbini yalifika Kambi Muru kabla yangu. Jioni moja nilikwenda kumwamkia shangazi yako kwenye meza yake ya omena, wale dagaa wa ziwani kwenu, na hakuitikia. Aliendelea kupima omena kwa kile kikopo chake. Mteja alipoondoka ndipo akasema, "Nimesikia ulikuwa kijana wetu siku moja." Nikaanza kueleza habari za kibali. Akanikatiza.

"Jina ya mtu si kofia. Uliivaa, haya. Sasa rudisha kwa mwenyewe."

Nilimuuliza inarudishwa vipi. Akasema mtu huenda kaburini, anaongea, anaondoka. Akanitazama, akakumbuka kwamba mimi sikwenda hata siku ambayo kila mtu alikwenda. Sauti ikamlegea kidogo. "Wewe si unajua kuandika? Andika." Akanifungia omena, akakataa shukrani zangu.

Kwa hiyo naandika. Lakini nilichelewa wiki mbili nzima, kwa sababu Nekesa alikuwa amenitangulia na karatasi nyingine. Kundi limealikwa tena, baada ya Pasaka. Amejaza majina sita. Nafasi ya saba ameiacha wazi, akaniachia karatasi mezani pangu pale dirishani, mbele ya watu, kama mwananchi yeyote, akaenda zake. Ningeweza kuweka jina la binamu yake. Ningeweza kusema watu sita wanatosha na kuandika hivyo; nikiandika kitu huwa kinakuwa. Mtumishi akitaka kushiriki mambo ya nje ni lazima Mkuu aone na aridhie, na Mkuu hapendi kuona asichokitarajia. Nilingoja wenzangu waende chakula. Nikaingiza karatasi kwenye taipureta, na kaboni mbili, na kwenye nafasi ya saba nikachapa jina langu. Barasa. Nilichapa polepole. Sikukosea herufi.

Tangu Jumatano liko kwenye trei ya Mkuu. Kila akipita natazama viatu vyake. Hajasema kitu. Huenda kesho nitaitwa na kuambiwa nikabidhi mihuri. Huenda nitazungushiwa duara. Naogopa sana, Ouma, usidhani nimepona. Usiku huu sitalala. Lakini karatasi sijaitoa, na ningeweza kuitoa, funguo za ofisi ninazo mimi.

Basi nakurudishia jina lako. Nililitumia siku moja, mchana mmoja, na halikuchafuka. Watu walicheka vizuri ndani yake. Asante kwa kunitazama miaka yote ile mimi nikiwa natazama mlango. Nisamehe ile Ijumaa. Nakuahidi kwamba wakinikubalia au wakinifukuza, baada ya Pasaka nitapanda pale kwa jina langu, na ruhusa ya kuja kwenu nitaiomba tena, na penye uhusiano nitaandika rafiki kwa wino, na likizungushiwa duara nitakuja nalo hivyohivyo. Kwaheri, omera, rafiki yangu. Lala. Usikohoe.

Ukitaka kunipata, usiende Kianda. Nimehama juma lililopita. Chumba kile kilikuwa cha watu wawili na hakikutaka kunielewa. Niko Kawangware. Ukitoka sokoni fuata njia ya mahindi ya kuchoma mpaka mfereji wa pili, ingia ploti yenye geti la mabati ya pipa, utayatambua mabati, ni ya kazi yako. Mlango wa nne, wa kijani. Siku za kazi nafika saa kumi na mbili jioni, Jumamosi nipo mchana kutwa. Ukiuliza majirani, sema unamtafuta Barasa. Jina lingine hapa hawalijui. Kisha bisha kwa nguvu kama ulivyozoea. Nitauliza ni nani, na nitauliza tena, maana unanijua. Jibu kwa jina lako.

Mimi,
Barasa